Taa ya injini baada ya ovahoo: somo nililolipata Kericho

Msomaji wa safu hii amezoea kuniona nikiandika habari za bandari, hati za ardhi na shida za maji ya mfereji. Leo nataka kuandika juu ya taa. Ile taa ndogo ya manjano, yenye umbo la injini, inayowaka mbele ya dereva siku chache baada ya kumlipa fundi pesa nyingi. Nimeulizwa habari zake mara nyingi hapa Mombasa, barazani na hata mlangoni mwa msikiti. Jibu kamili nimelipata mbali sana na bahari, Kericho, kwenye nchi ya majani chai, na nimelipata baada ya kukosea mwenyewe.

Julai mwaka jana nilipigiwa simu na shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo. Yeye ni mtu wa Mombasa aliyehamia Kericho kutafuta riziki. Ana duka la viungo, tende, kanga na mafuta ya nazi, na ana Probox ambayo ndiyo mguu wa biashara. Siku za soko huijaza mizigo akaenda Litein, Kapkatet, hadi Bomet. Gari likilala, duka nalo huwa limelala nusu.

"Shemeji, taa imewaka tena," akaniambia.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwezi wa Juni gari lilichemsha mlimani na gasketi ya hedi ikaungua. Gereji moja pale mjini, ambayo sitaitaja, ikaishusha injini. Hedi ikapelekwa kusawazishwa, ringi mpya zikatiwa, gasketi zikabadilishwa. Bili ikafika shilingi 74,000. Sehemu kubwa ya pesa hizo alikopeshwa na jamaa wa msikitini, karadha bila riba, akaahidi kulipa kwa miezi mitatu. Siku ya nne baada ya kulichukua gari, taa ikawaka, na injini ikawa yatetemeka ikisimama. Akarudi gereji. Wakamwambia ni sensa ya hewa, akanunua. Taa ikafutwa, baada ya siku mbili ikarudi. Wakasema ni sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi, akanunua. Ikarudi. Wakasema ni koili, akanunua. Mpaka hapo amemaliza shilingi 21,000 nyingine, na sasa walikuwa wamwambia injini ifunguliwe upya, na yeye ndiye alipe. Dada yangu akachukua simu akasema maneno mamoja tu: "Kaka, gari hili litatuuzia nyumba."

Mimi nina diploma ya uhandisi wa mitambo niliyoipata Mombasa Poly, kabla haijawa chuo kikuu, na nilishika spana miaka kadhaa kabla ya kushika kalamu. Nikatia begini mashine yangu ya kusomea kompyuta ya gari, geji ya kupimia kompresheni, tochi na jaketi, nikapanda basi la usiku.

Taa hii iliwekwa kwa ajili ya nani

Kwanza tuelewane taa yenyewe ni nini, maana wengi wadhani ni taa ya kumwambia dereva kwamba injini imeharibika. Asili yake si hiyo. Ilitokana na moshi. Jiji la Los Angeles kule Marekani lilikuwa limefunikwa na moshi wa magari, na jimbo la California likawalazimisha watengenezaji, kuanzia magari ya mwaka 1988, watie kompyuta inayojikagua na kuwasha taa vifaa vya kupunguza moshi vikiharibika. Kuanzia magari ya 1996 sheria hiyo ikawa ya Marekani nzima, kwa soketi ya aina moja yenye pini 16 na namba za hitilafu za aina moja. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli 2001. Kwa hivyo taa hii hasa yachunga hewa, na injini yapata faida kwa sababu injini isiyochoma petroli sawasawa hutoa moshi mbaya. Taa ya oili na geji ya joto ndizo zinazochunga uhai wa injini. Oili ikikuwakia, zima gari hapo hapo. Hiyo haina mjadala.

Magari yetu mengi yatoka Japani, yanapita hapa hapa Kilindini yakiwa na umri usiozidi miaka minane, kama sheria ya Kenya inavyotaka. Yaliyotengenezewa soko la Japani, hasa ya miaka ya nyuma, hayakulazimika kufuata ile kanuni ya Marekani, ingawa mengi yana soketi ile ile chini ya usukani. Ndiyo sababu vile vifaa vidogo vya bei rahisi vinavyounganishwa na simu mara nyingine havisomi kitu. Mtu akikwambia "kompyuta ya gari lako imekufa" kwa sababu kifaa chake kimekataa kuongea na gari, tafuta mashine nyingine kabla hujaamini.

Yako mambo mawili ya kutazama kabla ya kutoa hata shilingi. Taa ikiwa yapepesa, maana yake kuna silinda zinazokosa moto kwa kiasi cha kumwaga petroli mbichi ndani ya ekzosi, na petroli hiyo huchoma ule mtungi wa kusafishia moshi. Punguza mwendo, tafuta mahali pa kusimama, usilazimishe mlima. Ikiwa yawaka bila kupepesa na gari lenda vizuri, unaweza kufika uendako, lakini likaguliwe siku hizo hizo.

Jambo la pili ndilo lililomponza shemeji yangu: usikubali taa ifutwe kabla namba hazijaandikwa. Kompyuta ikiona kosa huhifadhi namba, na pamoja na namba huhifadhi picha ya wakati ule: joto la injini lilikuwa ngapi, mizunguko mingapi, gari lilikuwa lasimama au lakimbia. Picha hiyo ni ushahidi. Anayefuta, au anayetoa waya wa betri ili taa izime, ameuosha ushahidi kwa sabuni. Tena amefuta na yale ambayo kompyuta ilikuwa imejifunza kuhusu injini hiyo, kwa hivyo gari litaenda ovyo kidogo hata kama lilikuwa zima. Taa kurudi baada ya siku mbili tatu si ajabu wala si jini. Makosa mengi lazima kompyuta iyaone katika safari mbili zinazofuatana ndipo iwashe taa. Fundi akifuta, unapewa siku mbili za raha za uongo.

Kericho penyewe

Nilifika asubuhi, baridi kali, ukungu umelala juu ya majani chai utadhani mtu ametandika shuka. Mtu wa Mombasa akiona kijani kile mara ya kwanza husahau alilojia. Mji huu uko mita 2,000 hivi juu ya bahari, nao Mombasa uko bahari yenyewe. Nawaomba mkumbuke namba hiyo, mimi niliisahau.

Nikaunganisha mashine. Namba zikatoka mbili: P0171 na P0300. Ya kwanza yasema mchanganyiko wa injini ni mwembamba, hewa ni nyingi kuliko petroli. Ya pili yasema silinda zakosa moto ovyo ovyo, si moja maalumu. Nikamwambia shemeji kwamba vipuri vyote vitatu alivyonunua vina uhusiano na namba hizi, hakuuziwa kitu kisichohusika kabisa. Kosa la gereji lilikuwa kuisoma namba kama orodha ya kununulia vitu dukani. Namba yakwambia kompyuta imeona nini. Kilichosababisha ukitafute mwenyewe. Sensa ya oksijeni ikipiga kelele kwamba hewa imezidi, huenda ndiyo mkweli peke yake ndani ya gari zima, nawe wamng'oa.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Badala ya kuendelea kusoma mashine, nikaona nipime kompresheni, kwa kuwa injini ilikuwa imetiwa ringi mpya na nilishuku hazikukaa. Nikatoa plagi, nikafunga geji, nikaskuma petroli mpaka mwisho, shemeji akapiga stata. Silinda ya kwanza 150. Ya pili 148. Ya tatu 152. Ya nne 150. Moyo ukanipasuka. Mombasa injini kama hiyo ikiwa nzima nimezoea kuona 185 au zaidi. Nikamwambia shemeji, kwa sauti ya mtu mwenye cheti: ringi hazikushika, ovahoo ilikuwa mbovu, wale jamaa wasema kweli, lazima injini ifunguliwe.

Alinyamaza. Akatazama mikono yake. Dada yangu alikuwa ametuletea chai, akaweka sinia chini akarudi ndani bila neno. Usiku ule shemeji alikuwa ashaanza kupiga simu kutafuta mnunuzi wa gari, kwa bei ya kutupa.

Asubuhi yake, baada ya alfajiri, jirani mmoja akatushauri tumuone fundi mzee aliyewahi kutengeneza malori ya kubebea majani chai. Kazi hiyo si mchezo. Jani likishachumwa halingoji, likikaa joto hupanda ndani ya rundo na ubora hupotea, kwa hivyo lori likikwama kwenye kituo cha kununulia, hasara ni ya mkulima aliyelichuma asubuhi. Fundi wa malori hayo hujifunza kutafuta kosa kwa haraka. Tukamkuta ameketi juu ya kreti. Nikamwamkia, "Chamgei, mzee," akacheka matamshi yangu, kisha akasikiliza kisa chote bila kunikatiza. Nilipofika kwenye zile namba nne akaniuliza:

"Umetoka wapi, kijana wangu?"

"Mombasa, mzee."

"Basi hiyo hesabu ni ya Mombasa. Hapa hewa ni nyepesi. Silinda haiwezi kubana hewa ambayo haikuingia."

Wallahi niliona haya. Jambo hilo nilifundishwa darasani. Ukipanda juu, hewa hupungua uzito, na kompresheni hupungua kwa karibu asilimia 3 kwa kila futi 1,000. Kericho ina futi zaidi ya 6,500 kutoka baharini. Hewa ya hapa ina karibu asilimia 80 ya msukumo wa hewa ya Mombasa. Gawanya 150 kwa 0.8 upate 187. Injini ya shemeji ilikuwa nzima kama chuma kipya, nami nilikuwa karibu kuiuza.

Akaniongeza la pili. "Na hizi nne zimeachana kwa ngapi?" Nne tu, kutoka 148 hadi 152. "Injini mbovu haiwi mbovu sawasawa hivyo." Hilo ndilo la kushika kuliko namba yenyewe: silinda zilinganishwe moja na nyingine kwanza. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, tia matone machache ya oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ni ringi. Isipopanda, tazama valvu au gasketi. Mimi sikufanya hata hilo. Cheti hukaa ukutani, spana hukaa mkononi.

Ni hivyo hivyo kwa geji ya mvuto wa hewa, kwa mafundi wanaoitumia bado. Mombasa injini nzima ikisimama husoma inchi 18 hadi 22. Hushuka karibu inchi moja kwa kila futi 1,000, kwa hivyo Kericho injini hiyo hiyo ikisoma 13 au 14 usiikimbilie.

Tulivyolikamata kosa

Tukarudi kwenye mashine, safari hii kwa utulivu. Ndani ya mashine nyingi kuna ukurasa unaoonyesha asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza ili mchanganyiko ukae sawa. Injini nzima hucheza karibu na sifuri, kumi juu au kumi chini si neno. Probox ya shemeji ikisimama ilikuwa yaongeza 28. Nikakanyaga mpaka mizunguko 2,500 nikashikilia: ikashuka hadi 4.

Ndugu msomaji, kama utashika jambo moja la kiufundi katika makala haya, shika hili. Ikiwa upungufu ni mkubwa gari likisimama na hutoweka ukikanyaga, kuna hewa ya wizi inayoingia baada ya sensa ya hewa, mahali fulani kwenye mipira au gasketi. Injini ikisimama yavuta hewa kidogo, kwa hivyo hewa ya wizi ni sehemu kubwa. Ikikimbia yavuta nyingi, na ile ya wizi yamezwa. Mambo yakiwa kinyume, sawa ikisimama na mbaya ukipanda mlima na mzigo, tazama pampu ya petroli, filta, au sensa ya hewa iliyochafuka. Na ikiwa mbaya kila mahali kwa kiasi kile kile, shuku sensa ya hewa au nguvu ya pampu. Hesabu hii ya dakika mbili ingemwokolea shemeji shilingi 21,000.

Mzee akachukua kipande cha mpira kama cha maji, ncha moja sikioni, nyingine akaizungusha taratibu kwenye gasketi ya paipu za kuingizia hewa. Akasimama. Akanipa nisikie: ssss, kama nyoka kwenye makuti. Tukapuliza maji ya sabuni kwa chupa ya kupigia pasi, yakavutwa ndani na mlio wa injini ukabadilika kidogo. Fundi wengine hupuliza petroli au kemikali ya kusafishia breki. Inaonyesha upesi zaidi, lakini juu ya ekzosi yenye moto mimi siwashauri.

Tulipotoa, tukaona mambo mawili. Gasketi ya paipu za hewa ilikuwa ile ile ya zamani, imekauka na kubonyea, haikubadilishwa ingawa bili ilisema gasketi zote. Na nati moja ya chini, mahali pasipoonekana bila kioo, ilikuwa imeshikwa kwa vidole tu, spana haikufika. Asubuhi ya baridi mpira ukishikana nafasi huongezeka, ndiyo maana taa ilipenda kuwaka alfajiri na gari hutulia mchana. Gasketi mpya shilingi 1,200. Mzee akataka 1,500 za kazi.

Ukishafunguliwa injini, anzia palipoguswa

Kanuni ya gari lililotoka matengenezo makubwa ni rahisi kuisema: kama lilikuwa halina taa kabla, na sasa lina taa, shuku kwanza kila kilichofunguliwa. Sensa haifi kwa bahati mbaya siku ile ile uliyotoa gari gereji, ila mara chache. Waya uliosahauliwa au mpira uliopasuka wakati wa kuvutwa hutokea kila wiki.

Namba P0102 au P0113 baada ya ovahoo karibu daima ni soketi ya sensa ya hewa kwenye boksi la filta ambayo haikusukumwa mpaka ikalia. P0335 na P0340 ni sensa za krenki na kemshafti: tazama kama waya umebanwa na bolti au soketi imejaa oili. Silinda moja ikitajwa kwa jina, kwa mfano P0302, hamisha koili ya silinda ya pili uitie ya tatu. Namba ikihama ikawa P0303, koili ndiyo mbovu. Isipohama, badilishana plagi, kisha ufikirie nozeli. Hugharimu chochote isipokuwa jasho.

Namba nyingi zisizohusiana zikitoka kwa pamoja, tano au sita, usinunue kitu. Tafuta waya wa ethi kati ya injini na bodi. Fundi huufungua ili ashushe injini, na huwa rahisi kuusahau au kuufunga juu ya rangi na kutu.

P0016 ni ya kuheshimu. Yasema krenki na kemshafti hazipatani. Mara nyingine ni valvu ya oili ya kemshafti iliyoziba, lakini baada ya ovahoo huenda cheni au mkanda umefungwa jino moja nje. Hapo gereji ikisema lazima ifunguliwe tena, wasema kweli, ila gharama ni yao. Usiliendeshe gari hilo masafa.

P0420 ni ya ule mtungi wa moshi. Injini iliyokuwa yachoma maji au oili kabla ya kutengenezwa huenda imeuchafua, na kuvuja kwa ekzosi karibu na sensa kwaweza kuisingizia. Na kuna la aibu: mtungi wenyewe una madini ya thamani ndani, na kuna magari yanayotoka gereji bila mtungi, mwenyewe hana habari. Lala chini utazame.

Jambo jingine dogo ni silikoni. Fundi wetu hupenda kuipaka kwa wingi kama siagi ya mkate. Baadhi ya aina hutoa mvuke unaoharibu sensa ya oksijeni. Kwenye kasha huandikwa kama ni salama kwa sensa. Soma, au mwambie fundi akusomee.

Halafu themostati. Pale uani kwa mzee kulikuwa na gari jingine lenye namba P0128, maji ya injini hayafiki joto lake. Lilikuwa limenunuliwa Mombasa. Hatukuhitaji kuuliza zaidi. Kwetu pwani gari likichemsha mara moja, fundi huitoa themostati akaitupa, akakwambia nchi hii ni ya joto, haihitajiki. Kwa joto letu gari hupita pita. Lipandishe Kericho Julai, alfajiri, injini haipati joto hata uende robo saa, kompyuta yadhani ndiyo kwanza imewashwa na yaendelea kumimina petroli. Mwenye gari alalamika petroli, taa yawaka, na oili haipati joto la kutoa unyevu. Fundi wa pwani ameingiza hasara kilomita zaidi ya 700 kutoka gerejini kwake. Tuache tabia hii.

Kinyume chake nako kuna hatari ya milimani. Kwa urefu wa Kericho, maji kwenye sufuria huchemka kwa nyuzi 93 hivi, si 100. Ndiyo, kwenye nyumba ya chai yenyewe maji hayafiki 100. Mfuniko wa rejeta ndio unaobana msukumo na kuinua kiwango hicho kwa takriban nyuzi 20. Mfuniko ukilegea, gari huchemka upesi zaidi mlimani kuliko Mombasa. Tuliupima wa shemeji: mpira wake umekatika. Huenda huo ndio ulioanzisha msiba wote mwezi wa Juni, na hakuna aliyeutazama kwenye bili ya 74,000. Tukanunua mpya siku ile ile.

Kumaliza kazi, na kuongea na gereji

Tulipofunga gasketi mpya, nati zote zikakazwa kutoka katikati kwenda nje, tukawasha. Ile 28 ikashuka hadi 3. Hapo ndipo tukafuta namba, si kabla. Hata usipofuta, kosa likiondoka kompyuta huizima taa yenyewe baada ya safari tatu mfululizo bila kosa, na namba hubaki kwenye kumbukumbu kwa muda kisha hufutika. Ukifuta kwa mashine, kompyuta huanza kujikagua upya, nayo yahitaji siku kadhaa za kuwashwa baridi, kusimama, mwendo wa mji na mwendo wa barabara kuu. Kwa anayenunua gari la mkononi, mashine ikionyesha ukaguzi haujakamilika, jua kuna aliyefuta taa juzi. Muulize kwa nini.

Tulirudi ile gereji ya kwanza na gasketi kuukuu mkononi. Sikwenda kugombana. Nilimwomba shemeji anipe bili, na kwa bahati njema alikuwa nayo, imeandikwa kila kitu. Hapo natofautiana na jamaa wengi wa kwetu wanaoona kudai risiti ni kumshuku mtu. Qur'ani yenyewe yatuamrisha kuandika deni, na gari lililo mikononi mwa fundi ni amana. Kabla ya kazi kuanza, piga picha injini ilivyo, bure, simu iko mfukoni. Piga mashine kabla, uandike kama kulikuwa na namba au la. Sema mapema kwamba vitu vikuukuu utavichukua wewe, hata vikiwa takataka. Andikisheni siku ngapi fundi atasimama na kazi yake. Mwenye gereji aliitazama ile gasketi, akaita kijana wake, wakaongea pembeni kwa lugha yao. Akarudisha pesa ya gasketi na ya kazi ya kutoa zile sensa, 4,000 kwa jumla. Kuhusu sensa zenyewe alisema ni duka lililouza, si yeye.

Tukaenda duka la vipuri. Muuzaji akatuonyesha karatasi iliyobandikwa juu ya kaunta: vifaa vya umeme havirudishwi. Shemeji sasa ana sensa mbili na koili moja, nzima kabisa, kwenye rafu ya duka lake, kati ya makopo ya hiliki na ya mdalasini. Juzi aliniambia taa haijawaka tangu siku ile, amekwenda Bomet na kurudi mara nyingi, na deni la msikitini limebaki 9,000. Kama kuna mwenye Probox anahitaji sensa ya hewa, aniandikie. Lakini apime kwanza.